Masikio ya Uaisele

Uaisele Kaufusi alikuwa na masikio yaliyoogopwa Otahuhu nzima. Siku za kazi aliendesha foklifti kwenye ghala la vitunguu, hukohuko kusini mwa jiji la Auckland, na huko hakuna aliyemjua kwa lolote zaidi ya mtu mpole mwenye mabega mapana. Lakini Jumatano na Jumamosi jioni, akishasimama mbele ya kwaya ya kanisa lao la Kitonga, la watu wa visiwa vya Tonga, na kijiti mkononi, upole wake ulibaki nje kwenye maegesho. Watu sitini wanaimba kwa nguvu zote, paa linatetemeka, yeye anainua kidole kimoja.

"Simameni hapo. Sauti ya pili, wa tatu kutoka dirishani. Umekula nini leo?"

Na kweli, wa tatu kutoka dirishani ndiye aliyekosea. Aliwahi kumsahihisha mchungaji katikati ya baraka. Aliwahi kununua kengele ya mlango na kuirudisha dukani siku hiyohiyo, kwa sababu ilikuwa ikilia chini kidogo ya pale ilipotakiwa kulia, na alimweleza hivyo muuzaji kwa utaratibu mpaka muuzaji akaita meneja.

Mtu mmoja tu alikuwa amemshinda, naye ni Melenaite, mdogo wa mke wake. Kwa miaka kumi na mmoja Melenaite aliimba sauti ya kwanza, na kwa miaka kumi na mmoja alipanda juu ya noti. Si sana, unene wa unywele tu, lakini kwa sauti ambayo ingeweza kusimamisha ng'ombe.

"Shemeji, umepanda."

"Shemeji, ninyi ndio mmeshuka."

Basi ugonjwa ulipomwanza Uaisele, ulimwanzia mahali ambapo mwanamume wa Kitonga hapataji hata akiwa peke yake. Alipogundua uvimbe alinyamaza miezi mitano. Aliendesha foklifti amekaa upande. Kanisani alisimama hata wakati wa kuketi. Mke wake, Fipe, alimtazama weee, mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Mbona siku hizi unakaa kama kuku anayetaka kutaga?"

"Mgongo tu."

Fipe alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza na kuwaogesha. Migongo aliijua. Siku moja Uaisele alipoingia kuoga, mkewe akashikilia kitasa kwa nje na kumwambia hatoki humo mpaka aseme. Maji ya moto yaliisha, akasema. Wiki mbili hazikupita, korodani moja ilikuwa imeondolewa hospitalini, na kanisani pakatangazwa kwamba mwalimu wa kwaya amepasuliwa henia. Mchungaji aliiombea ile henia Jumapili tatu mfululizo, kwa machozi, hata Uaisele mwenyewe akaanza kuihurumia.

Picha zilipokuja zikaonyesha kwamba ugonjwa ulishapanda tumboni, kwenye matezi karibu na uti wa mgongo. Kisu kilikuwa kimefanya sehemu yake. Sasa ilibidi dawa.

Akaitwa kuzungumza na daktari. Fipe alikuwa zamu, kwa hiyo aliyemsindikiza ni shangazi yake, Temaleti, dada wa marehemu baba yake, mwenye miaka sabini na minne. Katika ukoo wa Kitonga shangazi ndiye mwenye neno la mwisho, na Temaleti hakuwahi kumwachia mtu mwingine neno hilo hata siku moja. Alifika amevaa mkeka wake mzuri kiunoni, vazi la heshima kwao, mkoba mapajani, akakaa kwenye kona kama aliyekuja kukagua.

Daktari Tulloch alikuwa mama mrefu mwenye mvi, anayesema taratibu. Uaisele alijua Kiingereza cha vitunguu na cha foklifti, kwa hiyo hospitali ilikuwa imemtafutia mkalimani. Mlango ukafunguliwa. Mkalimani akaingia na kitambulisho chake shingoni. Alikuwa Luseane, binti wa baba yake mkubwa.

Mtoto wa baba mkubwa kwao ni dada kabisa, na kaka na dada wa Kitonga wakishakua hawaketi chumba kimoja hata kutazama tangazo la sabuni. Uaisele akainua macho kwenye dari. Luseane akageukia ukuta wenye bango la kunawa mikono.

Daktari hakujua lililotokea. Akaeleza dakika mbili nzima kuhusu kidonda, uvimbe, na aina ya saratani. Luseane akaliambia bango, "Daktari anasema... pale palipofanyiwa kazi... panaendelea vizuri."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, kaka."

Daktari akauliza kama korodani iliyobaki inamletea maumivu yoyote. Masikio ya Luseane yakawa mekundu.

"Anauliza kama... yule ndugu aliyebaki... hajambo?"

Uaisele akashangaa swali hilo, ila hakutaka kukosa adabu. "Mwambie ndugu yangu hajambo kabisa. Yuko kwetu visiwani, Vava'u, anafuga nguruwe."

Luseane akatafsiri kama alivyosikia. Daktari akaandika, akaacha kuandika, akavua miwani.

Shangazi Temaleti akapiga mkoba wake kofi. "Luseane, mwanangu, nenda nje ukanywe chai. Huyu nilimwogesha mimi. Vitu vyake nilivijua kabla havijawa na maana yoyote."

Luseane alitoka mbio kama mtu aliyefunguliwa kamba. Shangazi akavuta kiti mbele. Kiingereza chake alikipata kwa kusafisha ofisi za mawakili miaka arobaini, akisoma kila karatasi iliyotupwa. "Haya, Daktari. Sema yote. Na usipambe."

Daktari akasema yote. Kungekuwa na dawa tatu, lakini kubwa yao ni sisplatini. Ni dawa ya zamani, alisema, yeye alikuwa bado msichana wa shule ilipoanza kutumika. Kabla yake, vijana wenye ugonjwa huu ukishapanda tumboni walizikwa. Baada yake, karibu wote wanarudi nyumbani.

"Platini," shangazi akasema. "Ile ya pete?"

"Hiyohiyo imo ndani yake."

Shangazi akajiweka vizuri kitini. Angalau hospitali haikuwa imempangia mtoto wa kaka yake kitu cha bei rahisi.

"Na ubaya wake?"

"Ubaya inao, tena si haba," Daktari akasema. "Kutapika, ingawa siku hizi tuna dawa nzuri za kuzuia. Figo, ndiyo maana tutamjaza maji mchana kutwa. Vidole vinaweza kufa ganzi. Na masikio. Hawapati wote, lakini wanaopata si wachache. Sauti za juu kabisa ndizo zinazotangulia kuondoka, na zikishaondoka hazirudi."

Shangazi akafungua mdomo atafsiri, akaufunga. Haikuwa na haja. Kiingereza hicho Uaisele alikuwa amekielewa mwenyewe.

"Za juu zipi?" akauliza, shangazi akatafsiri.

"Juu ya sauti yoyote ya mtu anayeimba. Nyenje. Ndege wadogo. Mlio wa maikrowevu. Na zile s na f ndani ya maneno."

"Na ule mng'aro?"

"Mng'aro upi?"

Uaisele akahangaika na mikono hewani. "Sauti ya kwanza wakipatana sawasawa, kuna kitu kinatokea huko juu yao. Kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Hicho ndicho kinachoniambia kama wako sawa."

Daktari akaweka kalamu chini. Watu wengi walikuwa wamemuuliza juu ya nywele. "Huo," akasema, "nadhani ndio utakaoondoka kwanza."

"Hakuna nyingine?"

Ilikuwepo. Sisplatini ina ndugu yake mpole, kaboplatini, asiyeyasumbua sana masikio. Tatizo ni kwamba kwa ugonjwa huu upole wake unafika mpaka kwenye saratani. Daktari akachukua karatasi, akachora viduara mia moja. Kwa ile kali, akasema, tunapoteza watatu au wanne. Akavitia wino. Kwa ile laini, kumi hivi. Akavitia wino vingine.

"Mimi nisingekuandikia ile laini," akasema. "Lakini mwili ni wako. Nenda ukafikiri, Jumatatu uniambie."

Shangazi alikuwa ameshaamua kabla hawajafika kwenye lifti. Uaisele alikunja karatasi, akaitia mfukoni, wala hakumjibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Ijumaa jioni wanaume wa besi na wa tena, ile sauti ya tatu, walikusanyika gereji kwake kunywa kava, kile kinywaji chao cha mizizi, kama kawaida. Henia ilikuwa imeshajulikana si henia, maana siri za Otahuhu hukaa siku mbili. Lisiate, kiongozi wa besi, ambaye pia alifanya naye kazi kwenye vitunguu, alikunywa kifuu chake, akapiga makofi, akatoa hoja.

"Mimi naona unajisumbua. Sisi besi hatutumii masikio. Tunatumia tumbo."

"Ndiyo maana mnaimba hivyo," akasema mtu wa tena.

"Na jambo jingine. Hiyo platini ikishapita mwilini inatokea wapi?"

"Inatokea kwenye mkojo," Uaisele akasema. "Wamesema nivute maji mara mbili chooni."

"Uvute maji? Mwenzangu! Ghali kuliko dhahabu, halafu unavuta maji? Kesho nakuletea ndoo yenye mfuniko."

Gereji nzima ikaangua kicheko, Uaisele naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wao hawajui. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya kijijini Vava'u, na siku aliyokufa, hajitambui, hali wala hasemi, aliinua kidole kitandani kwa sababu waliokuja kumwimbia walikuwa wameshuka. "Nikiwa sisikii, nitakuwa nani? Mtu wa vitunguu."

Fipe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la magimbi, amesikia kila neno.

"Nilipoolewa," akasema, "nilikuta masikio yameshikamana na mtu. Mimi nilimtaka mtu. Masikio yalikuja bure." Akaweka sinia chini, na kabla hajaingia ndani akamgeukia Lisiate. "Na hiyo ndoo usiilete nyumbani kwangu."

Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi pamoja na watu wa matarumbeta, kujiandaa kwa mkutano mkuu wa kanisa, na ukumbi ulikuwa na watu kama mia na kidogo. Uaisele aliwahesabu kwa macho, akawaomba wanne waliozidi watoke nje kidogo. Halafu akawaambia wote wasimame. Wakadhani ni zoezi jipya la pumzi.

Akatoa ile karatasi mfukoni, akaitazama. Akanyoosha kijiti. "Wewe, kaa. Wewe na tarumbeta lako, kaa. Wewe, na wewe."

Wanne wakakaa. Ukumbi ulionekana vilevile tu. Mia au tisini na sita, ni nani angejua? Akavuta pumzi, akaendelea. Akamketisha mzee mmoja wa tena. Akamketisha Kaloline wa sauti ya pili, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukosea. Akawaketisha mapacha wawili waliopiga ngoma. Mistari ikaanza kuwa na mapengo, kama mdomo unaong'olewa meno. Kijiti kikatangatanga, kikasimama kwenye mstari wa mbele.

"Melenaite. Kaa."

"Kwa nini mimi?"

"Kaa tu, shemeji."

"Nimekosea nini? Hata hatujaimba!"

"Hujakosea. Nakuomba ukae."

"Wewe umeketisha watu bila sababu, na mimi sikai bila sababu. Mketishe Lisiate, amechoka." Akajishika kiuno. "Miaka kumi na mmoja unatafuta namna ya kunitoa kwenye hii kwaya. Leo umeamua kutuhesabu kama mbuzi? Sikai, shemeji. Waite polisi."

Uaisele alimtazama. Akawatazama waliokaa, nyuso zao zikisubiri kujua wamefanya nini. Alijiona yeye mwenyewe yuko mahali fulani kwenye ule mstari, kidole cha mtu kikimkaribia, na akajua kwamba angebishana na kile kidole kama shemeji yake anavyobishana sasa, kwa kelele, mikono kiunoni, bila kuangalia noti. Kicheko kikamtoka, kikachanganyika na kitu kingine, ikabidi ageuke kutafuta leso.

"Haya, simameni wote," akasema. "Melenaite, asante."

"Asante ya nini?" akauliza Melenaite, na mpaka leo anauliza.

Jumatatu akamwambia daktari, "Ile kali."

"Nimefurahi. Nini kimekusaidia kuamua?"

"Shemeji yangu amekataa kukaa."

Daktari akamtazama shangazi apate tafsiri. Shangazi akasema hilo ni la familia.

Awamu zilikuwa tatu, kila moja siku tano mfululizo za kukaa kwenye kiti chenye mirija, kisha kurudi nyumbani kupumzika hadi wiki ya nne ianze nyingine. Maji yaliingia mkononi chupa kwa chupa, yakatoka chooni saa kwa saa, na Lisiate alimtumia ujumbe kila siku wenye neno moja: "Hasara." Dawa za kuzuia kutapika zilifanya kazi mpaka Jumatano. Jumatano hiyo Melenaite alileta majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, chakula alichokipenda Uaisele kuliko vyote duniani. Alifunua chombo. Uaisele alisikia harufu, akamtazama shemeji yake kwa mapenzi makubwa, akatapikia viatu vyake.

"Kumbe ndivyo unavyonichukia," Melenaite akasema, akaenda kuosha viatu, akarudi kesho yake na biskuti kavu.

Nywele zilipotoka, shangazi alifurahi, akasema sasa anafanana na babu yake. Vidole vya miguu vikafa ganzi, akawa anavaa kandambili bila kujua kama amezivaa. Kabla ya kila awamu walimwingiza kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akavaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Awamu ya kwanza, alisikia yote. Ya pili, alisikia yote ila milio miwili. Ya tatu, alikaa muda mrefu akisubiri milio ya juu ianze, mpaka mpimaji akafungua mlango akamwambia wamemaliza.

Wiki hiyohiyo mwimbaji mgeni akahamia kichwani mwake. Alikuwa na noti moja tu, ya juu mno, asiyeiacha mchana wala usiku. Uaisele aliisikiliza siku mbili kabla ya kumwambia mkewe kilichokuwa kikimuudhi.

"Inauma?" Fipe akauliza.

"Haiumi. Imeshuka."

"Imeshuka nini?"

"Noti. Haiko mahali pake, Fipe, iko chini kidogo. Na siwezi kumsimamisha!"

Fipe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baada ya muda Uaisele naye akakaa, wakacheka wote wawili, na alipoanza kulia mkewe akamshika kichwa kile chenye upara, akakikumbatia kifuani mwake mpaka akamaliza.

Mwezi wa pili baada ya dawa, picha zikaonyesha tumbo safi. Daktari Tulloch alisema maneno hayo pole pole, kisha akayarudia. Shangazi Temaleti alimshukuru kwa hotuba ya robo saa, akamfunga kiunoni mkeka mzuri aliokuja nao, na daktari mrefu akapokea wagonjwa waliofuata akiwa ameuvaa.

Kwaya ilimpokea kwa shangwe, na sauti ya kwanza ikagundua mapema kwamba mng'aro ule haumfikii tena. Kwa Jumapili tatu wakaimba kama wanafunzi ambao mwalimu hayuko. Wanaume wa tena wakaja kushtaki. Uaisele akaanza kuwatazama waimbaji. Aliangalia mishipa ya shingo, mabega, nani anamtazama nani kwa jicho la pembeni. Akagundua kwamba mtu yeyote akikosea, nyusi ya kushoto ya Kaloline inapanda kabla mkosaji mwenyewe hajamaliza neno.

Jumatano ya nne akainua kidole. "Simameni. Sauti ya kwanza, wa pili kutoka ukutani. Umekula nini leo?"

Sauti ya kwanza nzima ikanyoosha migongo. Kwenye mashindano ya kwaya ya mkutano mkuu hawakuwa wa kwanza kama mwaka uliotangulia. Walikuwa wa tatu. Uaisele alisema mahali pake hasa palikuwa pa pili, lakini alikiri kwamba sasa kuna mambo asiyoweza kuyathibitisha.

Nyumbani, masikio mapya yalikuwa na faida zake. Mlio wa maikrowevu haukumsumbua tena. Mkewe akimwambia "Fua shuka," yeye alisikia "ua huka," akaendelea kusoma gazeti. Kwa miezi kadhaa hakusikia habari yoyote ya kutoa takataka, kukata majani, wala kumpeleka Melenaite sokoni, na kila alipoulizwa alijigusa sikio kwa huzuni. Dawa, akasema. Nani angebishana na mtu aliyepona saratani?

Fipe hakubishana. Alienda kwa mpimaji wa masikio peke yake, siku yake ya mapumziko, akarudi na karatasi yenye mistari, akaibandika kwenye mlango wa friji.

"Hii ni nini?" Uaisele akauliza.

"Masikio yako. Hapa juu ndipo yalipoharibika." Akaonyesha kwa kijiko. "Unaona huu mstari unavyoporomoka? Nyenje wako hapa, ndege wako hapa. Na hapa, huku chini, ambako wewe ni mzima kama mtoto wa shule, nimechora duara kwa kalamu nyekundu."

"La nini?"

"Ni sauti yangu. Yule binti mpimaji alinipima nikisema 'toa takataka.' Amesema s na f zinaweza kukupotea. Kwenye takataka hakuna s, wala hakuna f."

Uaisele aliisoma karatasi kwa muda, kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji. Hakuliona. Akavaa kandambili, akatazama miguuni kuhakikisha kwamba kweli amezivaa, akachukua mfuko wa takataka na kutoka nao.